Yadi 2,628 za Barry Sanders: tufungue kitabu cha rekodi cha Oklahoma State

Mkokotozi:

Wakuu, salaam.

Jukwaa la michezo limejaa Simba, Yanga na Arsenal, na sina ugomvi na hilo. Leo naomba tuhame kidogo, twende Marekani kwenye ule mpira wa yai. Siongelei NFL, ile ligi ya kulipwa, naongelea mpira wa vyuo vikuu. Wanaoishi majimbo ya katikati kule wanajua: Jumamosi ya vuli chuo kikiwa na mechi nyumbani, mji mzima unavaa rangi moja.

Timu yenyewe ni Oklahoma State, mji wa Stillwater, jezi za rangi ya chungwa. Nimekuwa nikipekua kitabu chao cha rekodi za mchezaji mmoja mmoja, na kuna ukurasa ambao kila nikiufungua nauhesabu upya. Ni ukurasa wa wanaokimbia na mpira.

Kwa wageni wa mchezo, kwa kifupi. Uwanja una yadi 100, karibu mita 91. Timu yenye mpira inapewa majaribio manne ya kusogea yadi 10. Ikifaulu, inapewa mengine manne. Unasogea kwa kurusha mpira au kwa kukimbia nao. Kila jaribio linaandikwa: nani alibeba, alisogea yadi ngapi, nani alimwangusha. Ukiufikisha mpira ng'ambo ya mstari wa mwisho ni tachidauni, pointi sita. Mkimbiaji akipata yadi 100 kwenye mechi moja, amecheza vizuri. Akifikisha 1,000 kwa msimu, jina lake linaanza kutajwa.

Sasa sikieni. Mwaka 1988 Barry Sanders, kijana wa Wichita, Kansas, jezi namba 21, alipata yadi 2,628 kwa mechi 11. Nawapa mechi moja moja mjumlishe wenyewe: Miami ya Ohio 178, Texas A&M 157, Tulsa 304, Colorado 174, Nebraska 189, Missouri 154, Kansas State 320, Oklahoma 215, Kansas 312, Iowa State 293, Texas Tech 332. Mechi yake mbaya kuliko zote ni 154! Kuna wakimbiaji wazuri tu wanaomaliza chuo bila kuigusa 154 hata mara moja.

Tachidauni za kukimbia 37. Ongeza mbili alizofunga kwa kurudisha mipira iliyopigwa na wapinzani, zinakuwa 39. Moja ya hizo mbili ndiyo ilifungua msimu: mpira wa kuanzia wa mechi ya kwanza ulimwangukia yeye, akaupeleka yadi 100 hadi mwisho. Watu hawajakaa vizuri kwenye viti.

Na hii ndiyo sababu ya uzi. Baada ya mechi hizo 11 walicheza ya kufungia msimu, Holiday Bowl kule San Diego, dhidi ya Wyoming. Wakashinda 62 kwa 14. Sanders akapata yadi 222 na tachidauni tano. Lakini enzi hizo NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, haikuwa inaingiza takwimu za mechi za bouli kwenye hesabu ya msimu. Ilizihesabu kama burudani ya ziada. Utaratibu ukabadilishwa mwaka 2002, kuanzia hapo mechi za bouli zinaingia, ila hawakurudi nyuma kurekebisha vitabu vya zamani. Kwa hiyo zile 222 hazimo. Zingekuwemo tungekuwa tunaongelea yadi 2,850 na tachidauni 42 za kukimbia.

Hiyo ndiyo rekodi ya taifa ya daraja la juu kwa msimu mmoja, imesimama tangu 1988, tena imesimama ikiwa pungufu. Karibuni.

Kigoda cha Mbele:

Nimeshakaa. Mwenye kahawa apitishe.

Nyakato wa Bukoba:

Mada nzuri, ila naomba nieleweshwe. Hizo yadi zinahesabiwa kutoka wapi? Mtu akizunguka zunguka uwanjani akakimbia yadi 60 halafu akasogea mbele 5 tu, anaandikiwa ngapi?

Mkokotozi:

Nyakato, anaandikiwa 5. Hesabu inaanza pale mpira ulipowekwa chini na inaishia pale alipoangushwa. Mbio zote za pembeni na za kurudi nyuma hazina thamani kwa mwandishi wa takwimu. Akiangushwa nyuma ya pale jaribio lilipoanzia, anakatwa. Ndiyo maana jumla ya Sanders inatisha zaidi kwa wanaomjua: yeye alikuwa mtu wa kurudi nyuma, kugeuka, kutafuta mwanya upande wa pili. Yadi za kukatwa alikuwa nazo nyingi, na bado kwa kila alipobeba mpira (mara 344 msimu ule) wastani ulitoka 7.6.

Nikuongezee kitu ambacho wengi hawakijui. Kwenye vyuo, kwotabeki (yule anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira) akiangushwa kabla hajaurusha, zile yadi alizopoteza zinakatwa kwenye hesabu yake ya KUKIMBIA. NFL hawafanyi hivyo, wao wanazikata kwenye hesabu ya timu ya kurusha. Ndiyo sababu ukifungua vitabu vya vyuo unamkuta kwotabeki mwenye mbio nzuri tu ameandikiwa hasi. Hakukimbia kinyumenyume jamani, aliangushwa.

Shabiki wa Boise:

Mkuu Mkokotozi umeleta nondo, ila umemruka mtu. Ashton Jeanty, Boise State, 2024: yadi 2,601. Ni yadi 27 tu zilibaki amfikie Sanders. Tena kijana alicheza zama hizi ambazo kila timu ina watu wa kuchambua video usiku kucha, na kila mpinzani alijua kabisa mpira unakwenda kwa nani. Angalia pia mechi na Utah State: kipindi cha kwanza tu alikuwa na 186, kipindi cha pili kocha akampumzisha. Angeachwa acheze, leo huu uzi ungekuwa na jina lingine.

Mkokotozi:

Sijamruka, nilikuwa namsubiri mtu kama wewe.

Jeanty ni mkimbiaji mkubwa, sibishani. Kijana aliyeanza kucheza mpira huu akiwa Italia, kule Naples ambako baba yake alikuwa kazini jeshini, halafu akaja kumaliza wa pili kwenye tuzo ya Heisman, ile ya mchezaji bora wa mpira wa vyuo, nyuma ya Travis Hunter. Lakini twende kwenye mahesabu, maana uzi ni wa mahesabu.

Jeanty alicheza mechi 14. Sanders 11. Baada ya mechi 11, Jeanty alikuwa na 2,062. Yaani mahali ambapo Sanders alifunga daftari, mwenzake alikuwa nyuma yadi 566.

Sasa tuseme tutumie sheria ya 1988 kwa wote wawili, bila bouli. Jeanty anabaki na 2,497 kwa mechi 13, Sanders 2,628 kwa 11. Tutumie sheria ya sasa kwa wote wawili: Jeanty 2,601 kwa 14, Sanders 2,850 kwa 12. Tugawanye kwa mechi: Jeanty 185.8, Sanders 237.5. Pima unavyotaka, kwa sheria yoyote, kwa jumla au kwa wastani, jibu ni lile lile. Njia pekee iliyomsogeza Jeanty hadi yadi 27 ni kumhesabia yeye kwa sheria mpya na mwenzake kwa sheria ya zamani. Na hata hapo hakufika.

Shabiki wa Boise:

Hapo kwenye kugawanya umenibana. Lakini uniachie hili: ile mechi ya mwisho, Fiesta Bowl dhidi ya Penn State, alihitaji 131 kufikia. Akapewa mpira mara 30, akaishia 104. Penn State walijaza watu mbele kama foleni ya luku. Huyo ni mpinzani wa robo fainali ya taifa, si Wyoming.

Mtoto wa Mwembeni:

Mimi ndiye mpinzani rasmi wa uzi huu 😂

Hizo 320 dhidi ya Kansas State na 312 dhidi ya Kansas, mbona hatuambiwi hali za hizo timu? Kansas State 1988 walipoteza mechi zote 11. Kansas walishinda moja tu. Mnamsifia mtu kwa kuwakimbia vibonde. Toa hizo mbili uone kinachobaki.

Mkokotozi:

Nimetoa. Zinabaki 1,996 kwa mechi tisa, wastani yadi 221.8 kwa mechi. Bado yuko juu ya Jeanty. Unataka nitoe na Tulsa? Zinabaki 1,692 kwa mechi nane, wastani 211.5. Bado yuko juu.

Halafu angalia wale wakubwa. Nebraska: yadi 189, tachidauni nne, ugenini, na timu yake ikapigwa 63 kwa 42. Oklahoma, jirani na hasimu, timu iliyokuwa bingwa wa taifa miaka mitatu tu nyuma: 215, wakafungwa 31 kwa 28. Hizo ndizo mechi mbili pekee Oklahoma State walizopoteza msimu mzima. Mtu anapata 189 na 215 kwenye mechi ambazo timu yake imefungwa, wewe unaniambia vibonde.

Ila nakupa nusu. Upande wa ulinzi wa Big Eight, ligi yao ya wakati huo, ulikuwa na mashimo kwenye timu za chini. Hilo ni kweli na halina haja ya kufichwa.

Mtoto wa Mwembeni:

Nusu naipokea. Nyingine nitaifuata kesho.

Baba Neema wa Wichita:

Habari za Wichita zimeniamsha. Huku jina la Sanders hadi wazee wetu Waswahili wa msikitini wanalijua. Kinachosimuliwa sana ni kimo chake, mita 1.73 tu. Vyuo vikubwa havikumtaka kwa sababu hiyo, ofa alizopata za kucheza na kusomeshwa zilikuwa za kuhesabu kwa vidole. Na hata shuleni alianza kupewa nafasi ya mkimbiaji mkuu akiwa mwaka wa mwisho, tena msimu umeshaanza. Kwa hiyo Oklahoma State hawakumwiba mtu, walichukua aliyeachwa.

Mkokotozi:

Asante mzee wetu. Na alipofika Stillwater akakuta nafasi ina mwenyewe.

Hapa ndipo kitabu kinaponoga. Mwenyewe alikuwa Thurman Thomas, ambaye watu wa NFL wanamjua kwa miaka yake ya Buffalo. Thomas ndiye kinara wa chuo kwa yadi za kukimbia za miaka yote: 4,595, kutoka 1984 hadi 1987. Sanders akaketi nyuma yake misimu miwili, akirudisha mipira na kupewa zamu za kupumzisha. Jumla yake ya miaka mitatu ni 3,556, na kati ya hizo 2,628 ni za msimu mmoja. Yaani misimu miwili ya kukaa benchi ilimpa chini ya yadi elfu moja, na wa tatu ukampa hizo zote. Kwenye orodha ya jumla yuko chini ya Thomas, na hilo halinisumbui hata kidogo. Rekodi ya jumla inataka miaka minne ya nafasi, Thomas alikuwa nayo.

Fikirieni lakini: timu moja, 1986 na 1987, Thurman Thomas anacheza na Barry Sanders anamsubiri. Wote wawili leo wako kwenye jumba la heshima la NFL.

Dada wa Des Moines:

Kaka, mimi ni mtu wa Goma, sasa niko Iowa. Majirani zangu ni wa Iowa State kufa na kupona. Hiyo 293 mliyoitaja ilikuwa juu yao! Nitawauliza Jumapili, nione nani atabadilisha mazungumzo wa kwanza.

Lakini swali. Kwa nini alitoka baada ya mwaka huo? Alikuwa bado na mwaka mmoja wa kucheza.

Mkokotozi:

Dada, aliondolewa na mambo ya ofisini. Mapema 1989 NCAA iliifungia Oklahoma State kwa makosa ya kuwapa wachezaji vitu visivyoruhusiwa wakati wa kuwasajili: mechi za bouli marufuku miaka mitatu, televisheni marufuku miwili. Wakati ule NFL haikuwa na kawaida ya kupokea wachezaji ambao hawajamaliza miaka yao, lakini kwa hali ile akaruhusiwa. Kwenye zamu za timu za NFL kuchagua wachezaji wapya, Detroit wakamchukua wa tatu. Angalieni tano bora ya mwaka ule: Troy Aikman, Tony Mandarich, Barry Sanders, Derrick Thomas, Deion Sanders. Wanne kati yao wako jumba la heshima. Aliyekosa ni wa pili, na Green Bay waliomchukua, hadi leo ukiwatajia jina lile wanakunja uso.

Kocha wa Mtaa:

Hii rekodi inanikumbusha mabao 26 ya Mmachinga pale Yanga. Kila msimu likitokea jina jipya watu wanaanza kuhesabu, mwezi wa tatu wanahesabu, wa nne wananyamaza.

Shabiki wa Boise:

Sisi tulinyamaza Desemba 31, mkuu. Kidonda bado kibichi.

Mwana Tarakimu:

Nyie mmeganda kwenye kukimbia tu, kama vile Oklahoma State haijawahi kurusha mpira. Fungueni kurasa za mbele.

Mason Rudolph, 2014 hadi 2017: yadi 13,618 za kurusha, tachidauni 92. Msimu wake wa 2017 peke yake una yadi 4,904. Mechi moja dhidi ya Pittsburgh 2016 alirusha 540. Kabla yake Brandon Weeden, 4,727 mwaka 2011, mtu ambaye alianza na besiboli, akasajiliwa na Yankees akiwa kijana, ikamshinda, akarudi chuo na umri mkubwa. Cleveland walipomchukua raundi ya kwanza 2012 alikuwa na miaka 28. Wenzake darasani walikuwa kama wadogo zake wa mwisho.

Na wapokeaji? Justin Blackmon 2010: mipira 111, yadi 1,782, tachidauni 20. Mwaka uliofuata akadaka 121. Tuzo ya Biletnikoff, ya mpokeaji bora wa taifa, aliichukua miaka yote miwili. Halafu Rashaun Woods dhidi ya SMU mwaka 2003: tachidauni SABA za kudaka kwenye mechi moja. Saba. Rekodi ya taifa ya daraja la juu ilikuwa sita, tangu 1969.

Kwa maoni yangu hiyo ya Woods ni ngumu kuliko ya Sanders. Mkimbiaji anapewa mpira mkononi. Mpokeaji anategemea mtu mwingine aurushe vizuri, mlinzi amkose, na yeye asiuangushe, mara saba mchana mmoja.

Mkokotozi:

Mwana Tarakimu umefungua mlango nilioutaka. Nakubali saba za Woods ni ajabu. Lakini hizo ni za mchana mmoja. Mchana mmoja unaweza kupata bahati, mlinzi mbovu, upepo mzuri. Wiki 11 huwezi.

Kuhusu wale kwotabeki, tuangalie zama. Timu za kisasa zinatawanya wapokeaji uwanja mzima na kurusha mpira mara 40 kwa mechi, na chini ya kocha Mike Gundy Oklahoma State ilikuwa miongoni mwa zilizofanya hivyo kwa ustadi. Ndiyo maana ukisoma ukurasa wa kurusha unakuta majina ya juzi juzi, mmoja anampiku mwenzake baada ya miaka sita. Ukurasa wa kukimbia una mtu wa 1988 juu na hakuna anayemsogelea. Wa pili kwa msimu mmoja ni Chuba Hubbard, yule Mkanada, 2019: yadi 2,094. Tena mechi 13, na ndani yake kuna 158 za bouli dhidi ya Texas A&M. Kwa sheria ya Sanders asingefika hata 2,000.

Na mnajua kwotabeki wa 1988 alikuwa nani, yule aliyemkabidhi Sanders mpira mkononi mara zote hizo? Mike Gundy huyo huyo.

Kigoda cha Mbele:

Weeeh! Kocha aliyekuja kuleta marusho yote hayo ndiye alikuwa anampa Sanders mpira?

Mkokotozi:

Ndiye. Na usiwasahau waliomfungulia njia. Wale wanene wa mbele walijiita War Pigs, na mbele yake alitangulia Garrett Limbrick, kazi yake kugonga mtu wa kwanza anayekuja. Hawana takwimu. Huo ndio upungufu wa vitabu hivi: mtu anayesukuma ukuta mechi nzima haandikiwi hata yadi moja.

Nyakato wa Bukoba:

Hao ndio mashujaa wangu kuanzia leo. Na walinzi je? Wao wanaandikiwa nini?

Mkokotozi:

Wanaandikiwa, ila kwa walinzi kitabu kina ukungu. NCAA ilianza kuweka takwimu rasmi za ulinzi mwaka 2000. Kabla ya hapo kila chuo kilihesabu chake. Leslie O'Neal, mlinzi wa Oklahoma State mwanzoni mwa miaka ya 1980, anaongoza orodha ya chuo kwa kuwaangusha makwotabeki. Orodha ya chuo anaongoza, orodha ya taifa humkuti, kwa sababu alicheza kabla daftari halijafunguliwa. Ni dhuluma ile ile ya bouli, ila kwake ni kubwa zaidi. Sanders alinyimwa mechi moja, O'Neal amenyimwa yote.

Rudi nyuma zaidi upate Bob Fenimore, 1944 na 1945, chuo kikiitwa bado Oklahoma A&M. Mwaka 1945 aliongoza nchi nzima kwa kukimbia na yadi 1,048. Alikuwa anakimbia, anarusha, anapiga mpira kwa mguu, halafu timu ikipoteza mpira anabaki uwanjani kulinda. Chicago Bears wakamchagua wa kwanza kabisa 1947. Elfu moja na kidogo ilikuwa namba ya juu Marekani nzima! Ukiweka hiyo karibu na 2,628 unaona mchezo ulivyobadilika, ingawa kwa kweli sipendi kuwalinganisha hao wawili. Fenimore alikuwa na kazi nne.

Mjaluo wa Minneapolis:

Nimesoma uzi mzima nikiwa kazini, bosi asijue. Mimi niliyemjua Sanders kwa Detroit nina kisa kimoja kinachohusu Afrika, naomba nikiweke.

1989, mwaka wake wa kwanza NFL. Mechi ya mwisho, timu yake inaongoza vizuri, yeye yuko nje anapumzika. Alihitaji yadi 10 tu kumfikia kinara wa kukimbia wa ligi nzima. Kocha akamuuliza kama anataka kurudi azichukue. Akakataa. Akamaliza na 1,470, na taji likaenda kwa mwenye 1,480: Christian Okoye, Mnigeria, kutoka Enugu, aliyefika Marekani kurusha kisahani katika chuo cha Azusa Pacific na hakuwa amewahi kuugusa mpira ule hadi ukubwani. Yadi 10! Kwake ni kubeba mpira mara mbili.

Kocha wa Mtaa:

Sasa hapa ndipo mnaponichanganya. Mtu asiyejali rekodi ndiye mwenye rekodi isiyovunjika?

Mwana Tarakimu:

Kocha, nadhani aliyejali zaidi ni kocha wake wa chuo. Pat Jones alimpa mpira mara 44 siku ile ya Texas Tech. Arobaini na nne! Siku hizi wakala wa mchezaji angepiga simu kabla ya robo ya tatu.

Mjaluo wa Minneapolis:

Halafu hiyo mechi ya Texas Tech ilichezwa Tokyo, au nakumbuka vibaya?

Mkokotozi:

Tokyo, Disemba 1988, mechi ya mwisho ya msimu wa kawaida ilipelekwa Japani. Tuzo ya Heisman ilikuwa inatangazwa New York, na kwa tofauti ya saa yeye alikuwa Tokyo anajiandaa kucheza. Akatangazwa mshindi, wakamwonyesha kwa satelaiti, ukimtazama unaona kabisa hakuwa na hamu na kamera. Kisha akaingia uwanjani akapata zile 332, rekodi ya chuo kwa mechi moja hadi leo, na tachidauni nne. Walishinda 45 kwa 42, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema zilikuwa yadi za kujaza daftari. Mara 44 alizobeba zilihitajika zote.

Mtu anasafiri nusu ya dunia, saa zimepinduka, anapewa tuzo kubwa kuliko zote za mpira wa vyuo, halafu anacheza mechi yake bora ya msimu siku hiyo hiyo. Mimi hiyo ndiyo inayoniacha hoi kuliko jumla yenyewe.

Mtoto wa Mwembeni:

Nimerudi na ile nusu yangu. Texas Tech wa mwaka ule walikuwa na ulinzi gani?

Mkokotozi:

Uliofungwa 45, mkuu.

Mtoto wa Mwembeni:

😂😂 Basi hiyo nayo unanipa nusu.

Dada wa Des Moines:

Kaka Mkokotozi, umetuambia NCAA hawakurudi nyuma kurekebisha. Chuo chenyewe je, si kinaweza kuandika 2,850 kwenye kitabu chake?

Mkokotozi:

Kinaweza kuitaja, na watu wa Stillwater huitaja kila wakipata nafasi. Lakini rekodi ya taifa ni ya NCAA. Hoja ya kutorudi nyuma ni kwamba takwimu za mechi za bouli za zamani zilihifadhiwa kwa viwango tofauti, ukifungua kwa mmoja unafungua kwa maelfu. Kama wana za Sanders, wanazo za Marcus Allen wa USC pia, mtu wa kwanza kupita 2,000 mwaka 1981. Wa 1950 je?

Mimi binafsi ningeacha 2,628 palepale na kuweka safu moja ya ziada kwenye jedwali, mechi alizocheza. Safu hiyo ingemaliza nusu ya mabishano ya uzi huu. Kevin Smith wa UCF, 2007: yadi 2,567, amebeba mpira mara 450, mechi 14. Melvin Gordon wa Wisconsin, 2014: 2,587, mechi 14. Jeanty: 2,601, mechi 14. Sanders: 11. Msomaji ashuke na kidole chake mwenyewe kwenye ile safu.

Shabiki wa Boise:

Na kwa mechi za mtoano zilivyoongezwa, mkimbiaji wa kufika fainali anaweza kucheza 16. Hapo itavunjwa, we subiri.

Mkokotozi:

Kwa 16 anahitaji 164.3 kwa mechi kufikia, 178.1 ukitumia ile 2,850. Inawezekana kabisa. Akitokea, fungua uzi wewe, mimi nitakuja na kikokotoo.